Kwa mwanasaikolojia si mahojiano



Sisi wakimbizi tumezoea mahojiano. Ulivuka mpaka tarehe ngapi? Mlikuwa wangapi? Ukikosea tarehe, unaanza kuogopa kwamba kesi imeharibika. Ndiyo maana kijana akipewa randevu ya mwanasaikolojia, usiku kucha anapanga maneno kama mtu anayekwenda kusikilizwa kesi. Wengine hawaendi kabisa, maana huko bombani watu watasema, "Ule ameshakuwa wazimu."

Tunasema wazi: kule si mahojiano, na siku ya kwanza hulazimiki kusimulia yale mabaya yaliyokupata.

Kwa kawaida mnakaa kama saa moja hivi. Anajitambulisha, anakueleza habari ya siri, halafu anauliza kilichokuleta: unalala vipi, unakula, kichwa kinauma, nyumbani unaishi na nani, ukizidiwa unafanya nini. Anaweza kukupa fomu ya maswali kuhusu wiki 2 zilizopita. Huo si mtihani. Anaweza pia kukuuliza kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke, ni swali la kazi yake, jibu ukweli. Ukilia, sawa. Ukinyamaza, sawa pia. Ukichanganya tarehe, hakuna anayezihesabu.

Mwanasaikolojia kazi yake ni mazungumzo. Dawa zikihitajika, atakutuma kwa daktari. Na si yeye anayechagua nani aende Marekani au Kanada, kwa hiyo usiongeze chumvi wala usifiche kwa sababu hiyo.

Siri ina mipaka yake: kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au mtoto anateswa, huenda akalazimika kuwaambia wengine. Muulize mapema, "Nani atajua nitakayosema?"

Na wewe uliyezaliwa kambini usiseme, "Mimi sikuona vita, nitaenda kulalamika nini?" Nyarugusu imefunguliwa tangu 1996. Kukua bila kujua kesho yako ni mzigo tosha.

Sasa wafanyakazi, hili ni lenu. Kambi ni kijiji, watu wanajuana. Mkimleta mkalimani ambaye ni jirani wa mama yake, kijana atasema "niko sawa" na hatarudi tena. Kabla ya siku yenyewe mwulizeni akiwa peke yake: huyu unamjua? Unataka mwanamke au mwanaume? Mkalimani naye aseme kwa mdomo wake kwamba atatunza siri. Tena wekeni faili pembeni kwanza, maana faili ndiyo inayotukumbusha mahojiano.

Vijana, mkalimani asipokufaa, sema "huyu hapana". Si utovu wa adabu. Siku moja isipokusaidia, rudi tena. Na kama leo unawaza kujiua, usingoje randevu: mwambie mtu unayemwamini akupeleke zahanati sasa hivi. Sisi wa kujitolea pia tutakusindikiza mpaka mlangoni, na mlangoni tutabaki.