Tuache Kuusifia Ukimya wa Kijiji

Kuna imani imetukaa sisi wa kando ya barabara ya Morogoro: kijiji cha mlimani kikiwa kimya, basi watu wake wameridhika. Mtu kachoshwa na honi za malori hapa Maili Moja, na vijana wanaokimbilia madirisha ya mabasi na korosho mkononi. Anapanda ndege Dar mpaka Moroni, kisiwani Ngazidja huko Komoro, analala kijiji cha mteremko wa mlima Karthala, akirudi anasema wale wenzetu wamepata amani, maendeleo yasije yakawaharibia. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote.

Ngazidja ni kisiwa cha volkano. Karthala ina mita 2,361, lakini mwamba wake una vitundu, mvua inapotelea chini, na mto wa kudumu hakuna. Vijiji vingi vinaishi kwa maji ya paa: bati, mfereji, tangi la saruji, ndoo ya kamba. Mlima ulipolipuka Aprili 2005, majivu yaliingia kwenye matangi hayo, maji ya kunywa yakaharibika. Mwaka 1977 lava ilishuka mpaka Singani ikafukia nyumba, na wenyewe wakarudi kujenga papo hapo. Mgeni wa siku mbili atayaonea wapi hayo? Yeye anasikia jogoo.

Na vijana wako wapi? Wengi wako Ufaransa, Marseille hasa. Kijijini zimebaki nyumba za matofali zenye nondo zilizochomoza juu, ghorofa inasubiri pesa ya ndugu wa huko. Ukimya tunaousifia umeachwa na walioondoka.

Wapo watakaosema wenyeji wenyewe wanapenda utulivu. Wanapenda, nani asiyeupenda? Ila anayependa utulivu bado anataka maji, zahanati na kazi ya mwanawe. Hatari ya sifa zetu ni hiyo: ukishaamini kwamba mtu ameridhika, humwoni tena kuwa anadai. Mgeni aende, apumzike, alipe vizuri. Akirudi atueleze tangi lilikuwa na maji kiasi gani na mama mjamzito anapelekwa wapi usiku.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Jirani zetu wa Kisarawe, kwenye vilima vya Pugu, tumewasifia vivyo hivyo: hewa safi, msitu, kimya. Huku chini Dar es Salaam ikinywa maji ya Ruvu, mto unaopita kwetu Kibaha, wao walihangaika na madumu miaka na miaka. Bomba la kutoka Kibamba lilizinduliwa 2020. Sijamsikia mkazi hata mmoja wa Kisarawe akilalamika kwamba limewavurugia utulivu.