Kagua Mahindi Kabla ya Kuyasaga

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba,

Kazini hatuanzi bila kukagua. Kofia, viatu, taa, kamba: kila kitu kinaangaliwa kwanza. Lakini jioni, nyumbani Annexe, mfuko wa mahindi unaingia jikoni bila mtu kuuliza neno. Bukari tunaila kila siku. Kwa nini tusiikague nayo?

Wengi tunapenda unga mweupe sana, tukidhani ndio wenye heshima. Kumbe mahindi yakikobolewa, kiini na ganda vinaondoka, na humo ndimo mna sehemu kubwa ya vitamini za B, mafuta, chuma na nyuzi zinazosaidia tumbo. Ngano nayo ni vivyo hivyo: mkate wa ngano nzima unalisha mwili kuliko mkate mweupe. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: nunua punje, uzichague, uzisage nzima.

Lakini sikia vizuri. Sumu ya ukungu, inayoitwa aflatoksini, hukaa zaidi katika ganda na kiini. Anayekula unga wa punje nzima lazima achague kwa uangalifu kuliko mwingine. Mwaka 2004 huko Kenya, katika Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Walikuwa watu wa kawaida, wakila chakula chao cha kila siku. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo.

Basi fanya hivi:

Kwanza, tazama na kunusa kabla ya kulipa. Mahindi yenye harufu ya ukungu, uyaache sokoni.

Pili, pima ukavu. Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, kisha ngoja kidogo. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Yaanike tena, juu ya turubai safi, mbali na barabara ambapo malori yanatimua vumbi.

Tatu, mwaga punje katika ungo na uondoe zilizooza, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi. Fanya kabla ya kusaga, maana katika unga hakuna jicho litakaloziona. Zilizotolewa usimpe kuku, wala usizitie katika munkoyo.

Nne, weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Saga kidogo kidogo, maana unga wa punje nzima una mafuta na huharibika upesi.

Tano, na hili linakuhusu wewe baba: usilete nyumbani mfuko mtupu uliobeba dawa za kiwandani ili kuwekea chakula. Hata ukifuliwa, si wa chakula.

Sita, mbegu yenye rangi ni ya kupanda tu. Mwishoni mwa 1971, wakulima wa Irak walipewa mbegu za ngano zilizotiwa dawa ya zebaki na kupakwa rangi nyekundu. Zilikuja wakati wa kupanda ukiwa umepita kwa wengi, nao wakazisaga, wakaoka mkate. Wengine waliziosha kwanza. Rangi ikaondoka, zebaki ikabaki. Zaidi ya watu 6,000 waliingizwa hospitalini, na 459 wakafia humo. Wewe unayelima shamba lako pembeni ya mji, mbegu iliyobaki ifungie mbali na jiko, na watoto waambiwe.

Tunajua utakavyojibu: mahindi ni ghali, na kutupa hata kikombe kimoja kunauma. Ni kweli. Ndiyo sababu tunasema uchague kabla ya fedha kutoka mkononi. Wawili au watatu wa jirani wakinunua mfuko pamoja, wanaweza kuufungua mbele ya muuzaji na kuukataa kwa sauti moja.

Mama akichagua punje, baba naye akae karibu na ungo amsaidie, watoto pia. Robo saa inatosha. Baadaye bukari iwe kahawia kidogo, na kando yake maharagwe, lengalenga au sombe, maana mahindi peke yake hayajengi mwili wa mtoto.

Usalama unaanza kazini, lakini hauishii getini. Leo jioni, kabla ya kwenda mashineni, fungua mfuko wako.