Feza ya miguu ya Kisangani

Ndugu vijana, tuseme ukweli: wengi wetu tunapenda filamu za polisi na wezi. Umeme ukirudi usiku, tunakusanyika mbele ya simu moja mpaka saa nane. Lakini mumeangalia mutu mwenye ulemavu anapewa kazi gani ndani ya filamu hizo? Mara nyingi yeye njo mubaya: bosi wa wezi anayechechemea, au muuaji wa jicho moja, ili tumuogope kabla hajasema neno. Ama ni yule mwombaji wa kando ya barabara. Ameona kila kitu, na polisi wanapita mbele yake kwenda kutafuta ushahidi mbali.

Tuna filamu ya namna hiyo hapa kwetu. Si ya kutunga, na haijaisha.

Inaanzia Kisangani, tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka 2000. Jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda wanapigana katikati ya mji ambao si wa Uganda wala wa Rwanda. Siku sita. Mabomu zaidi ya 6,600 yakaanguka juu ya nyumba za watu. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa inasema raia waliokufa ni kati ya 244 na 760. Angalieni hesabu hiyo vizuri. Tofauti yake ni watu 516! Yaani mpaka leo hakuna anayeweza kusema kama watu 516 waliuawa ao hawakuuawa. Kama wafu wenyewe hawakuhesabiwa sawasawa, nani alihesabu waliobaki hai bila mguu, bila mkono, bila macho?

Fikirieni mtoto wa miaka 7 aliyekatwa mguu wiki ile. Leo amepita miaka 30, pengine ana watoto wake. Mguu wa bandia wa mtoto haukai, kwa sababu yeye anakomaa na mguu haukomai. Lazima ubadilishwe, na ubadilishwe tena. Akiwa mukubwa pia unachakaa, unamuumiza kwenye kidonda cha zamani, anauvua anarudia magongo. Hesabu miguu mingapi anahitaji mutu mumoja mpaka uzeeni, kisha uliza nani amelipa. Ni yeye na mama yake. Njo maana tunakataa kusema vita ile ilimalizika tarehe 10. Kwake yeye inaanza upya kila asubuhi, akishuka kitandani.

Watu hao hawakukaa kulia tu. Walijiunga, wakafanya mpaka michezo ya kuigiza juu ya yaliyowapata, na mwaka 2018 kundi lao likapanda chombo cha mizigo kushuka Mto Kongo mpaka Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700. Na magongo, na miguu ya bandia, chini ya hema za plastiki ambazo mvua ilikuwa inapenya. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alikuwa nao na kamera. Filamu yake inaitwa « En route pour le milliard ». Cannes iliichagua mwaka 2020, ule mwaka tamasha lenyewe halikufanyika juu ya korona. Asiyeiona bado aitafute. Ndani yake mwenye ulemavu si mwizi wala mwombaji. Yeye njo mpelelezi: anafuata dosiye yake mlango kwa mlango, na ushahidi ameubeba kwenye mwili.

Milango ya Kinshasa haikufunguka vile walitarajia. Lakini dosiye nyingine ilikuwa inatembea La Haye, Uholanzi. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ilivunja sheria na inapashwa kulipa. (Kesi ya Rwanda ilianguka mwaka 2006: mahakama ilisema haina uwezo wa kuisikiliza. Mabomu yalitoka pande mbili, deni likabaki upande mmoja.) Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022 bei ikatajwa: dola milioni 325, wakati Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Ndani ya hizo, milioni 225 ni za watu: waliouawa, waliojeruhiwa, wanawake waliobakwa, watoto waliotiwa jeshini, waliokimbia, Kisangani na kwingine. Kulipa ni kwa vipande vitano vya milioni 65 kila mwaka. Kipande cha kwanza kilifika 2022, na mfuko wa kugawanya, FRIVAO, ulikuwa tayari umeundwa, ofisi yake Kisangani.

Hapa njo filamu inageuka. Mwaka 2025 tulisikia zaidi ya dola milioni 19 zimetoka kwenye feza ya mfuko huo kwenda kwenye akaunti ya kampuni moja, eti kujenga gereza Kisangani. Soma tena polepole: feza ya waliokatwa miguu, ijenge gereza. Waziri wa sheria wa wakati ule alijiuzulu, na tarehe 2 mwezi wa 9 Cour de cassation ikamuhukumu miaka mitatu ya kazi ya kulazimishwa. Yeye alikana, akasema ni njama ya kisiasa.

Na sisi, tulifanya nini? Tuliangalia kesi ile kama mpira. Kambi hii inashangilia, kambi ile inalia, avoka huyu amesema vizuri, yule amekosea. Majuma mazima tulibishana kama waziri ameonewa ao hapana. Ndani ya vikundi vyetu vya WhatsApp hatukumbuki kama kuna aliyeuliza: mama wa Tshopo amepata mguu? Tulipita mbele ya shahidi wa kando ya barabara, sawasawa na polisi wa kwenye filamu. Haya hiyo ni yetu, hatuwezi kuitupia serkali.

Hukumu ya waziri haijamupa mutu hata gongo moja. Tunaomba hivi: majina ya waliopokea na kiasi kilichotolewa kwa jumla yabandikwe kwenye komini zote sita za Kisangani, Makiso mpaka Lubunga, na asiyeona asomewe. Yeyote aliyeachwa nje aambiwe ni juu gani, kwa maandishi. Anayeombwa karatasi ya hospitali ya mwaka 2000 aulizwe pia nani alikuwa anaandika karatasi chini ya mabomu. Daktari aangalie kovu, linatosha. Na waathirika wenyewe wakae kwenye meza inayoamua, si kwenye benchi ya nje. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu iko. Isomwe.

Kufuatana na hukumu ya La Haye, kipande cha mwisho cha milioni 65 ni mwezi wa 9 mwaka 2026. Siku hiyo tutakuwa mbele ya ofisi ya FRIVAO, Kisangani, bila jiwe, bila fujo, na kalamu na daftari. Mwenye simu yenye kamera nzuri aje nayo. Mwenye mototaksi aje asubuhi mapema: kuna wazee wa Lubunga wanaohitaji kubebwa mpaka kwenye mtumbwi, na ng'ambo ya mto kutoka mtumbwini mpaka mlangoni.