Hata Shamba Hupumzishwa: Juu ya Watoto Wetu na Mieleka ya Mwaka Mzima



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya Kiswahili, baba mmoja alitufuata sakristia, kofia mkononi, akaomba jina la mwanawe liondolewe katika orodha ya watumishi wa altare. Tulimwuliza: hadi lini? Akajibu, "Padri, mimi sijui. Kocha anasema siku hizi mieleka haina tena msimu." Mtoto anayesemwa ana miaka 11. Hatukumlaumu baba huyo, kwa maana tunajua anavyofanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama na jinsi anavyompenda mwanawe. Lakini neno lile, kwamba haina tena msimu, limetukaa moyoni juma zima, na leo tunataka kulijibu.

Kwa ndugu mnaotusoma kutoka Kigoma, Bujumbura au Bukavu, yafaa tueleze kwanza. Sisi tuliohamia jimbo la Iowa, Marekani, tumekuta watu wanaoipenda mieleka kama ninyi mnavyoupenda mpira wa miguu. Msimu wa shule huanza Novemba na kuishia Februari, familia zinapokusanyika Des Moines kutazama mashindano ya jimbo. Hiyo ni miezi minne, na ni ya halali kabisa. Lakini sasa klabu zinawataka watoto waendelee Machi kwa mieleka ya mtindo huru na ile ya Kigiriki na Kirumi. Wenye vipaji hulenga mashindano ya taifa ya Julai kule Fargo, North Dakota. Baada ya hapo kuna kambi za kiangazi, kisha mazoezi ya vuli ya kujiandaa kwa msimu, na mara Novemba imerudi. Mtoto amezunguka mwaka mzima asishuke mkekani.

Tuseme wazi tusije tukaeleweka vibaya: sisi si adui wa mieleka. Tumeona mema yake kwa macho yetu. Mkeka hauulizi lafudhi ya mtu wala kazi ya baba yake. Mtoto aliyechekwa darasani kwa Kiingereza chake amepata pale heshima na marafiki. Kwa kuwa kila mmoja hushindana na wa uzito wake, hata mwembamba ana nafasi. Wasichana nao, tangu msimu wa 2022/23, wana mashindano yao yanayotambuliwa rasmi na chama chao cha michezo ya shule hapa Iowa, na tunawapongeza. Tena Maandiko yenyewe hayaionei haya mieleka: Yakobo alishikana na yule mgeni kando ya kijito cha Yaboki usiku kucha. Lakini kumbukeni kwamba kulipopambazuka, pambano lile lilikwisha, na Yakobo akaondoka akichechemea. Kama mieleka ya usiku mmoja ilimwacha mtu mzima anachechemea, ya miezi 12 itamwachaje mtoto?

Tunachokipinga, basi, ni kimoja tu: kumfunga mtoto katika mchezo mmoja mwaka mzima. Na tunakipinga kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni mwili wa mtoto. Mifupa ya mtoto bado inakua, na sehemu zinazokua, karibu na miisho ya mifupa, ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Bega linalovutwa namna ileile na goti linalopindwa namna ileile, kila juma bila kukoma, huumia polepole pasipo kishindo, hadi siku mtoto anaposhindwa kuinua mkono kuchana nywele. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo ulio wazi: mtoto apumzike siku moja au mbili kila juma, akae mbali na mchezo wake mkuu jumla ya miezi mitatu kwa mwaka, mwezi mmoja mmoja, na asijifunge katika mchezo mmoja kabla ya kufika miaka 15 au 16 hivi. Maneno hayo wameyasema madaktari, si mapadri wanaotafuta watumishi wa altare.

Sababu ya pili ni njaa. Kila mwanamieleka hupimwa kwa mizani, na mizani ina kishawishi chake: kushuka uzito ili kukutana na mdogo kuliko wewe. Kati ya Novemba na Desemba 1997, vijana watatu wa vyuo vikuu vitatu tofauti vya nchi hii walifariki, kila mmoja akiwa katika jitihada za kupunguza uzito kwa haraka, kwa kujitoa jasho na kujinyima maji. Baada ya vifo hivyo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipiga marufuku vyumba vya mvuke, nguo za mpira na dawa za kukojosha, na ikasogeza kupima uzito karibu na saa ya pambano. Shule za sekondari nazo zikaweka mipaka: mafuta ya mwili yasishuke chini ya asilimia 7 kwa wavulana na asilimia 12 kwa wasichana, na uzito usipungue zaidi ya asilimia 1.5 kwa juma. Tunazisifu kanuni hizo. Lakini zilitungwa kwa ajili ya msimu wa shule. Msimu ukirefushwa kuwa mwaka, mizani nayo inahamia jikoni kwenu, na hapo mlinzi ni mama peke yake. Mama mmoja alitueleza kwamba mwanawe alikataa ugali siku ya Pasaka, akisema anatunza uzito. Siku ya Pasaka, wapendwa! Kwaresima yetu ina siku 40 kisha tunakula na kushangilia. Kwaresima ya mizani haina Pasaka.

Sababu ya tatu ni fedha, na hapa wengi wetu tumedanganyika. Tunaambiwa: lipeni ada ya klabu sasa, chuo kitakuwa bure kesho. Tufanye hesabu pamoja. Wavulana wanaoshiriki mieleka katika shule za sekondari za Marekani ni zaidi ya 250,000. Timu za wanaume katika daraja la kwanza la vyuo hazifiki 100. Kwa miaka mingi, hadi mwaka wa masomo 2024/25, timu moja ilikuwa na ufadhili usiozidi 9.9, nao ulikatwa vipande ili wengi wapate kidogo kidogo. Tangu 2025 utaratibu umebadilika: katika vyuo vilivyoukubali, kikomo hicho kimeondolewa, lakini timu haiwezi kuwa na wachezaji zaidi ya 30. Hata tukizidisha kwa ukarimu, timu 100 kwa wachezaji 30, tunapata nafasi 3,000 kwa miaka yote minne ya masomo, na si kila nafasi ina fedha. Ndugu, fedha zile za ada, za petroli na za hoteli, zikiwekwa kando kwa ajili ya masomo ya mtoto, ni ufadhili ambao hakuna kocha awezaye kuunyima.

Sababu ya nne ni nyumba. Mashindano mengi ya watoto huangukia Jumamosi na Dominika. Baba anaendesha gari na mtoto mmoja tangu alfajiri. Mama anabaki na wanne. Wadogo wanajifunza kwamba katika nyumba hii kuna mtoto mwenye thamani na wengine wanaomsubiri. Bibi aliyevuka mipaka na kambi za wakimbizi ili awe karibu na wajukuu anawaona kwenye simu. Ibada ya Dominika inakosekana, ndiyo, nasi tunalisema kwa huzuni. Lakini hata asiye Mkristo aweza kuona kwamba familia isiyo na siku moja ya kukaa pamoja imepoteza kitu ambacho medali hairudishi.

Tunajua mtakavyotujibu. Mtasema: wenzake hawapumziki, akipumzika ataachwa nyuma. Tunaliheshimu neno hilo, kwa kuwa ni neno la mhamiaji. Sisi sote tumekuja huku tukiogopa watoto wetu kuachwa nyuma. Lakini tazameni Japani, nchi iliyoizaa judo, ndugu wa karibu wa mieleka. Japani ilitwaa dhahabu 9 za judo katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mwaka uliofuata, 2022, shirikisho la judo la nchi hiyo lilifuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi, kwa sababu lilikwisha kuona watu wazima wakiwapunguza watoto uzito na kuwazomea waamuzi kwa tamaa ya ushindi. Nchi hiyo haikuogopa kuachwa nyuma. Iliogopa kuwapoteza watoto.

Wengine mtatutajia Dan Gable, mwana wa Waterloo hapa Iowa, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 bila kumpa mpinzani yeyote pointi hata moja, kisha akaiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Iowa kutwaa ubingwa wa vyuo mara 15. Ni kweli, alijulikana kwa kufanya mazoezi kuliko wote. Lakini mtu mmoja aliyevuka mto uliofurika hawi sababu ya kuwatosa watoto wote mtoni. Waliozama hawana sanamu.

Wala msidhani kupumzika ni uvivu wa kigeni. Wanuba wa Sudan, ambao mieleka yao ni ya kale, huandaa mashindano makubwa baada ya mavuno. Waserer wa Senegal nao walishikana mieleka baada ya kuvuna, mvua zikirudi wakarudi shambani. Wazee hao hawakusoma mwongozo wa madaktari wa mwaka 2016, lakini walijua kwamba nguvu za mwili zina majira kama mtama. Sheria ya Musa iliagiza hata ardhi ipumzishwe mwaka wa saba. Je, mtoto ana thamani pungufu kuliko shamba?

Nani basi anayefaidika na mieleka isiyo na msimu? Tuwe wakweli. Klabu inalipa kodi ya jengo Julai kama inavyolipa Januari, nayo yahitaji ada za kila mwezi. Makocha wengi ni watu wema, na baadhi yao ni waamini wenzetu. Tatizo ni mfumo unaowafanya waone mapumziko kama hasara. Mwaka 2018 Idara ya Walei, Familia na Uhai ya Vatikano ilitoa waraka juu ya michezo, ukaonyesha wasiwasi uleule kuhusu watoto wanaosukumwa mapema katika mchezo mmoja. Na sisi wenyewe hatuna mikono safi: tumetangaza washindi altareni, watu wakapiga vigelegele, wala hatukuwahi kumtaja mtoto aliyeshindwa akampa mpinzani wake mkono. Kwa hilo tunaomba msamaha.

Tunawaomba wazazi mambo manne. Mpeni mtoto miezi mitatu kwa mwaka bila mieleka, na mwandikie kocha mapema kwa heshima. Asiyekubali barua ya mzazi hastahili kukabidhiwa mwana. Itengeni siku moja ya juma isiyo na mazoezi, na kwetu sisi siku hiyo ina jina. Kabla ya miaka 15 mwache aogelee, acheze mpira, akimbie na wenzake bila kipenga. Na mtoto asishushwe uzito kwa ajili ya mizani, hata kilo moja.

Kisha mwulizeni mtoto swali moja, mkiwa wawili tu: "Ukiacha, unadhani nitakupenda pungufu?" Akichelewa kujibu, mmeshapata jibu, nanyi mna kazi ya kufanya ambayo haitafanyika mkekani.

Baba uliyetujia sakristia, tunajua unasoma haya. Hatumtaki mwanao kwa sababu ya orodha yetu. Kumtoa kwa kocha ili tumchoshe sisi si ukombozi. Akitaka kulala Jumamosi hadi jua lipande, mwache alale. Jina lake tumeliacha pale lilipokuwa, kwa penseli. Atakaporudi kwa hiari yake, kanzu yake ipo.

Mungu awabariki nyote na kuwalinda watoto wenu. Tuonane Dominika ijayo.