Mdundo hautoki damuni tu

Imekita mizizi miongoni mwetu dhana kwamba Mwafrika huzaliwa na mdundo damuni, kwa hivyo hana haja ya kuufanyia mazoezi. Na kwamba nadharia ya muziki ni mambo ya Wazungu. Dhana hii inawadhuru wanafunzi wetu, na la kusikitisha ni kuwa baadhi ya walimu wa kwaya ndio wanaoieneza.

Hebu tuitazame chakacha ya pwani. Mapigo yake sita huweza kugawika mafungu mawili ya matatu-matatu, au mafungu matatu ya mawili-mawili, ngoma moja ikashika mgao huu ilhali nyingine imeshika ule. Mwalimu na awaamuru wanafunzi wake wagonge dawati mara mbili kwa mkono wa kushoto na mara tatu kwa wa kulia katika muda ule ule. Wengi watakwama papo hapo. Atakayeweza, yamkini ni yule aliyelelewa karibu na wapiga ngoma, akakosea na kukemewa hadi mikono ikatii. Hayo ni mazoezi, hata kama hayakufanyika darasani.

Nayo nadharia? Jopo la wanamuziki lililoundwa kabla ya uhuru wa 1963, akiwemo Graham Hyslop, Washington Omondi na George Senoga-Zake, lilitwaa wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto likautumia kuunda wimbo wetu wa taifa. Mama wa Kipokomo hakuhitaji noti ili auimbe. Lakini kuuandika ili bendi isiyowahi kumsikia mama huyo iupige sawasawa, hiyo ilikuwa kazi ya watu waliosoma.

Mtihani wa Muziki wa KCSE hupima utendaji, usikivu na nadharia. Hata hivyo, aghalabu kwaya zetu hufunzwa nyimbo za tamasha kikasuku: mwalimu anaimba, wanafunzi wanafuata. Kombe linaletwa shuleni, naam, lakini mwalimu akihamishwa kwaya inanyamaza, kwa maana hakuna hata mmoja awezaye kusoma ukurasa mpya. (Wapo pia wanaozitaja noti zote kwa majina wasiweze kuzipigia makofi, nao ni mzigo vilevile.)

Naomba dakika kumi tu katika kila kipindi cha kwaya. Tano za makofi na kuhesabu, tano za kusoma mstari mmoja ambao hakuna aliyewahi kuusikia, mwalimu akiwa amefunga kinywa chake.