Miguu Yetu, Kombe Lao
Mashindano ya mbio za nyika ya vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, yalianza 1938 kule Michigan. Wanaume pekee, wanawake wakangoja hadi 1981. Yamekua, na sisi tumesaidia kuyakuza. Henry Rono alishinda 1976, 1977 na 1979. Sally Kipyego, mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008. Edward Cheserek vilevile, 2013 hadi 2015.

Halafu tunasema siri ni hewa ya milimani. Jameni, hewa hailipi karo! Kule mwenye mbio analipiwa masomo na kupewa kocha. Hapa mara nyingi anaambiwa achague: kitabu ama kiatu. Eldoret pana vyuo vikuu, Iten ni hapo tu. Vingapi vinatenga pesa za wakimbiaji? Makofi yatosha. Tudai bajeti.