Mradi Huanza Kabla ya Trekta



Siku menejimenti inapotuita uwanjani kutuonyesha mashine mpya, mradi umekwisha kuanza zamani. Ulianza ofisini: lengo likaandikwa, gharama zikakadiriwa, msimamizi akatajwa, mkubwa akatia sahihi. Sisi tumebakiziwa kupiga makofi. Nasi wa mashamba ya chai tunasema kazi hiyo ya mwanzo ndiyo inayotuhusu kuliko zote, maana sahihi ikishatiwa hakuna anayetusikiliza.

Tazameni mradi wa karanga wa Tanganyika. Mwaka 1946 Uingereza, ikiwa na shida ya mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Walizunguka wiki tisa hivi, sehemu kubwa ya pori wakiitazama kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa bila kungoja shamba dogo la majaribio. Mwaka huo walitaka kulima ekari 150,000. Hawakufikia hata sehemu moja ya kumi. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yamechoka kabla ya kushika kazi. Udongo wa pale ukikauka huwa mgumu kama saruji, na mvua ya Ugogo si ya kutegemea. Mzee yeyote Mgogo angewaambia hayo bure! Januari 1951 mradi ukafutwa, zikapotea paundi milioni 36 na zaidi. Hesabu ya paundi inajulikana. Ya vibarua waliofuata kazi Kongwa kisha wakarudi mikono mitupu haitajwi sana.

Mtu atasema hayo ni ya wakoloni. Lakini katika shamba moja tunalolijua, banda jipya la kupimia majani lilijengwa bondeni bila kuulizwa mchumaji hata mmoja. Masika yakifika, akina mama hupanda na kushuka kwenye tope na vikapu mgongoni, na saa wanazopoteza hazilipwi. Na huko Kericho, Kenya, Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilitiwa moto na watu waliolilia ajira. Sisi hatusifu kuchoma mali. Tunauliza tu: siku mashine zile zilipokuwa bado karatasi, mchumaji alikaa kiti gani?

Basi tunadai karatasi ya kuanzisha mradi isomwe mbele ya kamati ya wafanyakazi, kwa lugha tunayoielewa, kabla fedha hazijatoka. Iseme mradi unatafuta nini na utapimwaje kuwa umefaulu. Iseme nani mwenye amri ya kuusimamisha ukiharibika. Hapa ndipo wengi hukwepa, kwa sababu kila mkubwa anataka jina lake kwenye ufunguzi, si kwenye hasara. Iseme ni watu wangapi watabaki kazini, na nani atalipia mafunzo. Kisha mashine ijaribiwe kwenye kipande kimoja cha shamba, msimu mzima, wachumaji na mafundi wakiandika wanayoyaona.

Mwajiri atajibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Bei aliyoelewana na muuza mashine iwe siri, haidhuru. Idadi ya watu watakaoachishwa si siri ya biashara; ni habari ya nyumba zetu.

Matawi yaliyokwisha sikia fununu za mradi mpya yapeleke maswali haya kwa maandishi sasa, yabaki na nakala, na yalete majibu kwenye mkutano ujao wa wajumbe.